Bastola ya Mkono wa Kulia

Shamte alikuwa na sifa moja mjini kwetu Palma, kaskazini ya Msumbiji, ambayo hata wasiompenda hawakuweza kumnyang'anya: alijua kuchagua. Alikuwa muuza vyombo, mtu mwenye asili ya Mtwara, na tangu ujana wake alikuwa akivuka Rovuma kwenda kuleta sahani, sufuria, chupa za chai na mabakuli ya maua. Wenzake walinunua kwa katoni, wakifika nyumbani wanakuta nusu imepasuka. Shamte hakuifunga katoni mpaka kila sahani ameigonga kwa ukucha na kuisikiliza. Ikilia vizuri anaichukua, ikikohoa anamrudishia mwenye duka pamoja na maneno yake. Wanawake wa Palma walimletea hata vitu ambavyo si biashara yake, redio, cherehani, na siku moja mchumba mzima, wakimwambia, "Baba Haula, hebu tutazamie." Naye atatazama, atabinua midomo, atasema, "Hiki kizima," au "Hiki mrudishieni mwenyewe." Alikosea mara chache. Na pale alipokosea kuliko pote, jamani, wala hakukosea kwa kutojua. Alijua vizuri sana.

Haula ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Mama yake, Mwanaamina, alifariki binti akiwa na miaka tisa, na Shamte akakataa kuoa tena. Alimpikia, akamfulia, akamsuka nywele vibaya vibaya mpaka majirani wakamwonea mtoto huruma wakaja kumsuka wao. Wakawa wawili tu ndani ya nyumba, mtu na mwanawe, asubuhi wanagombana kwa ajili ya chumvi, jioni wanacheka. Haula alipofika miaka ishirini na mbili, karani mmoja wa Pemba, ule mji mkubwa wa mkoa wetu, aitwaye Suleimane alileta wazee mara mbili kumposa. Mara zote mbili Haula alimjibu kwa adabu kwamba yeye hamwachi baba yake peke yake, na kama Suleimane anamtaka kweli, basi yeye ndiye ahamie Palma. Shamte alijifanya kukasirika, "Mwanamke mzima unakataa kuolewa!" Lakini siku hiyo alinunua samaki wa bei mbaya.

Basi ukaingia mwaka ule wa meli kubwa za kutafuta gesi. Palma nzima ilipata homa. Vyumba vya wageni vilijaa, bei ya samaki ikapanda mpaka wavuvi wenyewe wakawa wanakula dagaa, na kila aliyejua maneno matatu ya Kireno akajiona mkalimani. Ikaja na kampuni moja ya ulinzi kutafuta vijana wa hapa hapa wa kulinda kambi za wageni. Wakachukuliwa vijana ishirini na wanne, na kati yao wasichana watatu: Haula, Saquina binti wa jirani, na mmoja kutoka kijiji cha Mute. Mafunzo ni miezi miwili, halafu kuna teste, mtihani wa kulenga shabaha. Atakayefaulu anapewa kontratu ya kazi, anafanya kazi hapo hapo Palma, jioni analala kwao. Atakayeshindwa anaambiwa kwaheri. Shamte aliipenda kazi ile kuliko hata Haula mwenyewe, na sababu yake haikuwa siri kwa mtu. Haula akiipata, haendi popote.

"Baba," Haula alimwambia siku moja wakipanga sahani dukani, "risasi tunapewa kumi kwa wiki. Kumi tu! Mwalimu Carimo anasema atakayetegemea risasi za kampuni atafeli."

Mwalimu Carimo alikuwa mtu wa Angoche, askari mstaafu, mpole wa sauti lakini hana mchezo.

"Sasa mtafanyaje?" Shamte akauliza.

"Kuna bastola za mazoezi. Zinatumia gesi ya kopo, zinatema vidonge vya plastiki. Haziui mtu, ila umbo ni lile lile na uzito ni ule ule. Unazoea kuichomoa, kulenga, kubonyeza. Unaweza kufanya hata mara mia mbili kwa siku uani kwako."

"Mdoli wa bastola."

"Si mdoli, Baba! Wenzetu huko nje wanafanyia mashindano. Mtwara zinapatikana. Mwalimu ameniandikia guia, barua ya ruhusa, ina carimbo, mhuri wa kampuni, wasikusumbue mpakani." Akamkabidhi guia pamoja na karatasi nyingine. "Nimeandika kila kitu hapo. Iwe na urefu wa shibiri moja na vidole viwili. Iwe ya chuma, nzito, isiwe ya plastiki tupu. Magazini yake itoke na kuingia, maana kwenye teste kuna kubadilisha magazini. Na jambo moja, Baba, nakuomba usilisahau. Ile sefti, kile kijichuma cha kuifungia isifyatuke, iwe pande zote mbili za bastola."

"Pande zote mbili kwa nini?"

Haula aliinama kwenye katoni, akawa anatoa sahani ambazo alikwisha kuzitoa. "Ndivyo Mwalimu anavyotaka."

Shamte alivuka mto kesho yake. Mtwara alimwendea Abdulatifu, muuza vifaa vya michezo waliyejuana tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mbele ya duka Abdulatifu aliuza mipira, jezi na viatu vya kandanda, na nyuma kwenye chumba cha stoo alikuwa na sanduku la bastola za mazoezi alizoagiza Dar es Salaam. Aliisoma ile guia mara mbili, akaangalia mhuri, akatandika mkeka, akazilaza nne juu yake.

"Haya mzee Shamte, uwanja wako huu. Chagua."

Na Shamte akachagua kama anavyochagua mwenyewe. Ya kwanza aliinyanyua akairudisha hapo hapo. Nyepesi mno, na kila unapotaka kupiga lazima uikoki upya. "Hii ya kumnyamazishia mtoto," alisema. Ya pili ilitumia betri. Akabonyeza, ikalia ndani kama cherehani iliyokosa mafuta, kidonge kikatoka kivivu kikadunda kwenye mpira wa Abdulatifu. Akabinua midomo. Ya tatu ilikuwa ya gesi, ya chuma, na alipobonyeza, kile kipande cha juu kilirudi nyuma kwa nguvu mpaka kiganja kikasikia. Shamte akacheka peke yake. Akaigonga kwa ukucha, ikalia vizuri. Akaipima kwa shibiri, akatoa magazini akairudisha mara tano, haikukwama hata mara moja. Sefti yake ilikuwa upande mmoja tu, pale linapofika dole gumba la mkono wa kulia.

Ya nne ilikuwa ya gesi pia. Alipoinyanyua tu, mkono wake ukamwambia kwamba amefika. Ilikaa kiganjani ikatulia. Kipande cha juu kilirudi na kwenda bila kukwaruza, na sefti ilikuwa pande zote mbili, kama karatasi ilivyosema.

"Hii sefti ya pande mbili faida yake nini?" akauliza, basi tu, kwa udadisi wa mfanyabiashara.

"Hiyo ya mashoto, mzee," Abdulatifu akajibu huku akifuta vumbi kwenye sanduku. "Anayepiga kwa mkono wa kushoto, dole gumba lake haliifikii ile ya upande mmoja. Mtu wa kulia hana haja nayo."

 Bastola ilikuwa bado mkononi mwa Shamte.

Haula alizaliwa na mashoto. Alianza kula kwa mkono wa kushoto, akakamata kila kitu kwa kushoto, akawa anawapa wageni maji kwa kushoto, na wageni wanapokea huku wakitazamana. Pwani yetu hii nani asiyejua? Mkono wa kushoto una kazi yake chooni. Hauli, hautoi, haupokei. Samaki mkunje angali mbichi, wakasema wazee, na Shamte akamkunja. Kila mlo aliufunga mkono ule kwa kitambaa, akauzungushia mpaka ukawa donge, akamwambia, "Haya, kula kama watu." Mtoto alilia, wali ukamwagika, na Mwanaamina alikuwa akiinuka kwenda nje asione. Ilichukua miaka miwili. Alipoanza shule, Haula alikula kwa kulia, akaandika kwa kulia, na Shamte akawa anasimulia kibarazani kwa fahari jinsi alivyomnyoosha mwanawe. Hilo lilikuwa moja ya mambo aliyojivunia katika ulezi wake.

Kumbe mkono ule haukufa. Ulikuwa umelala tu, na sasa huko kambini, mbele ya wageni na watu wa Palma wanaochungulia uzioni, binti Shamte alikuwa anachomoa silaha kwa kushoto. Na alimficha baba yake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba aliinama kwenye katoni akamwambia ndivyo Mwalimu anavyotaka. Alisikia aibu, akasikia na hasira, halafu juu ya vyote viwili akajifunikia dini, kama tunavyofanya wengi. Jambo kubwa kama hili, alijiambia, lianze kwa bismillahi na kwa mkono wenye baraka. Atazoea. Mbona kula alizoea?

"Nifungie ya tatu," alisema.

Abdulatifu alishangaa. "Mzee, ya nne ndiyo iliyo sawasawa na karatasi yako. Bei ni ile ile."

"Abdulatifu, mimi na wewe nani anajua kuchagua? Nifungie ya tatu. Na ala yake iwe ya kuvaa kiunoni upande wa kulia."

Palma alimkuta Haula anamngoja mlangoni. Binti alifungua gazeti lililofungiwa bastola, akaitoa, uso ukamng'aa. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande wa pili. Mwanga ukapungua.

"Baba, sefti…"

"Hazikuwepo za namna hiyo. Nimezunguka Mtwara nzima, viatu hivi tazama, vimekwisha soli." Haula bado alikuwa anaitazama bastola, na Shamte akaona neno lake halijakaa sawa, akaongeza, "Wallahi, hazipo."

Astaghfirullah! Mtu aliyeogopa hata kumpunjia mteja kijiko cha chai, aliapa kwa Mungu kwa uongo, mchana kweupe, mbele ya mwanawe. Na Haula, masikini, akamkumbatia. "Ahsante, Baba. Umehangaika sana kwa ajili yangu."

Wiki tano Haula alifanya mazoezi uani. Alipanga makopo matatu ya nyanya juu ya kinu kilichopinduliwa, akasimama hatua saba, akachomoa, akapiga mawili mawili, akabadilisha magazini, akapiga tena. Kuku walihamia kwa jirani. Siku za mwanzo Shamte, akiwa amejibanza nyuma ya dirisha, alimwona akijaribu kwa mkono wa kushoto. Kila mara ilimbidi aigeuze bastola ubavu ndipo dole gumba liifikie sefti, na kila mara alichelewa. Siku ya nne alikaa chini mchangani, ameiweka mapajani, akaitazama muda mrefu. Halafu akainuka, akaivaa ala upande wa kulia.

"Alhamdulillahi," Shamte alisema nyuma ya dirisha.

Msimwone mtu mbaya. Kila alasiri Haula akimaliza, Shamte alipiga magoti uani na ungo, akachekecha mchanga kutafuta vidonge vya plastiki kimoja kimoja, akaviosha, akavianika, ili mwanawe avitumie tena kesho. Mgongo ulimuuma. Alimchemshia mayai, akamwombea kila sala. Alitaka afaulu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesimama njiani.

Siku ya teste ndugu waliruhusiwa kukaa nje ya uzio, chini ya turubai. Shamte alivaa kanzu yake ya Idi. Uwanjani zilisimamishwa shabaha tatu za karatasi ngumu na bamba moja la chuma. Mwalimu Carimo aliwaeleza watu kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili, jinsi itakavyokuwa: kifaa cha kuhesabu muda kinalia, mtu anachomoa bastola ya kampuni, ya risasi za kweli, anapiga mbili kila shabaha, anabadilisha magazini, mbili tena, anamalizia na bamba. "Na kanuni moja haina msamaha," alisema. "Silaha ikidondoka, umetoka. Haina kurudia. Hata angekuwa mwanangu."

Saquina alipita, bamba likalia kengele, mama yake akapiga vigelegele mpaka akaambiwa atulie. Kisha akaitwa Haula. Kabla hajasimama kwenye mstari, Shamte alimwona Mwalimu akimwambia kitu kwa sauti ndogo, akimwonyesha meza ambapo palikuwa na bastola nyingine peke yake. Haula akatikisa kichwa. Baadaye Saquina ndiye aliyesimulia maneno yale. Mwalimu alimwambia, "Mkono wako ni wa kushoto, binti. Ile yenye sefti mbili nimekuwekea." Na Haula alijibu, "Baba yangu amehangaika mpaka Mtwara, Mwalimu. Nimezoea wa kulia sasa."

Alisimama wima. Mikono pembeni. Hata watoto waliokuwa juu ya ukuta wakaacha kusukumana.

Kifaa kikalia, na mikono yote miwili ya Haula ikaenda.

Wa kulia ulikwenda ulikofundishwa. Wa kushoto nao, kwa mshtuko wa mlio ule, ulitangulia kwa nguvu zake za kuzaliwa nazo, ukavuka tumbo, ukafika kwenye ala pamoja na mwenziwe. Ikawa kila mkono unaivuta bastola kwake. Ikachomoka, ikagonga goti lake, ikaanguka mchangani.

 Mwalimu Carimo alimwinulia mkono asiiguse, akainama akaiokota mwenyewe, akatoa risasi, akaiweka mezani. "Pole, mwanangu," alisema. Haula alibaki amesimama pale pale kwenye mstari akiitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka Saquina akaja kumshika bega akamtoa.

Nje ya uzio alimpigia baba yake magoti. Naam, magoti, mbele ya watu. "Baba, nisamehe. Umekwenda mpaka Mtwara, umenichekechea mchanga, nami nimekuaibisha."

Hapo ndipo Shamte alipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi. Akamwinua, akamfuta mchanga, akasema, "Isiyo riziki hailiki, mwanangu. Twende nyumbani."

Haula hakuishika tena bastola ile ya mazoezi. Saquina alipopita na sare yake mpya kwenda zamu, Haula aliingia ndani akasubiri mpaka viatu vyake visisikike. Miezi miwili baadaye Suleimane alileta wazee kwa mara ya tatu, na safari hii Haula hakumwambia ahamie Palma. Alisema ndiyo, akafunga vitu vyake, akaenda Pemba. Shamte alimchagulia vyombo vya kuondokea, sahani ishirini na nne, kila moja ameigonga kwa ukucha. Kisha akarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu akawa anakula peke yake, na chumvi ilikuwa sawa siku zote kwa sababu hakuna wa kuigombania.

Miaka mitatu ikapita kwa simu. "Hujambo, Baba?" "Sijambo, mwanangu." "Umekula?" "Nimekula." Haula alizaa binti, wakamwita Chamima. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na ya Shamte yalikuja na mjukuu kweli, sikukuu ya Idi, wakati Haula alipokuja Palma kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Shamte alikuwa kama mwehu kwa furaha. Alinunua changu wawili wakubwa, akakuna nazi mwenyewe, akatandika mkeka. Adhuhuri walikaa kwenye sinia watatu, yeye, Haula, na Chamima wa miaka miwili mwenye macho ya Mwanaamina. Shamte akasema bismillahi, akanyoosha mkono. Haula akasema, "Ngoja kidogo, Baba." Akatoa kitambaa kwenye mkoba. Chamima mwenyewe, bila kuambiwa, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mama yake, akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Haula akauzungushia kitambaa mpaka ukawa donge.

Tonge lilimwanguka Shamte. "Unafanya nini?"

"Ana mashoto, Baba. Katoa kwangu."

"Mwache basi. Bado mdogo."

Haula alicheka, kicheko cha kweli. "Haya! Leo wewe ndiye wa kusema mwache?" Kisha kicheko kikamwisha, akawa anamtolea mtoto miba. "Mimi nimekaa nimefikiri sana, Baba. Ulinifunga, lakini nadhani hukunifunga vya kutosha. Mkono ule haukufa vizuri, ndiyo maana siku ile ukanisaliti. Sitaki mwanangu siku yake moja ya maisha asimame mbele ya watu, mikono yake ishindwe kuelewana." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza bei ya unga. "Suleimane alitaka kuninunulia cherehani nifungue kazi ya kushona. Nikamwambia hapana. Mikono yangu mimi si ya kutegemea. Nikishika kitu cha maana, kitadondoka tu."

Shamte alimtazama mjukuu wake akihangaika na wali kwa mkono wa kulia, unamwagika, anaokota punje moja moja. Alijua akinyamaza, kitambaa kile kitabaki hapo miaka miwili, na Haula ataendelea kumpigia simu, umekula, nimekula, na atamzika kwa machozi kama baba mwema. Alijua vilevile kwamba akisema, hatakuwa na binti tena wa namna ile. Yote mawili aliyaona mbele yake kama vitu viwili juu ya mkeka. 

"Ilikuwepo," alisema.

"Nini, Baba?"

"Bastola ya sefti mbili. Mtwara, kwa Abdulatifu. Ilikuwepo. Niliishika kwa mkono wangu huu. Abdulatifu akaniambia ni ya mashoto, nikajua ni yako, nikairudisha. Nikachukua ile nyingine makusudi, nikaja nikakuapia uongo. Mkono wako haukukusaliti, Haula. Mimi ndiye."

Haula hakuinua uso. Chamima alisema, "Mama, samaki," na Haula akamegua kipande cha samaki, akakitoa miba yote, akamwekea mdomoni. 

"Bei ilikuwa kubwa?" aliuliza.

"Bei ilikuwa ile ile."

"Ulijua ndiyo inayonifaa?"

"Nilijua."

 Nje watoto wa Idi walikuwa wakipiga baruti za kopo na kucheka. Haula alipoinua uso, Shamte aliona macho ambayo hajawahi kuyaona, hata siku ya mazishi ya mama yake.

"Miaka mitatu, Baba," Haula alisema. "Miaka mitatu nadhani mimi ndiye sikuweza."

"Nisamehe, mwanangu." Mzee wa miaka sitini na mbili, ametoa mikono yote miwili mbele juu ya sinia. "Nisamehe, kwa jina la mama yako."

Haula alikifungua kitambaa mkononi mwa Chamima, akakikunja, akakiweka kando. Kisha akamsogezea baba yake ubavu ulionona wa samaki, kama alivyozoea. "Kula, Baba," alisema. "Chakula kinapoa." Akambeba mtoto pamoja na bakuli lake, akaenda kumlishia jikoni. Shamte akabaki na sinia.

Haula alikuwa amekuja kukaa wiki mbili. Siku ya tatu asubuhi alifunga mizigo, akasema Suleimane amepiga simu, anahitajika. Shamte hakuuliza. Alibeba begi mpaka kituo cha magari ya Pemba, akamchagulia kiti cha dirishani upande usio na jua, akamnunulia Chamima biskuti. Aliangalia mdomo wa binti yake muda wote ule, akingoja. Angeridhika hata na tusi.

Dereva akapiga honi. Haula akamshusha mtoto, akavuta ushungi wake vizuri, akapiga goti kama desturi yetu inavyomtaka mtoto anayesafiri.

"Baba, naondoka. Niwie radhi kwa yote niliyokukosea."

"Hukunikosea lolote, Haula. Wewe hukunikosea lolote, mimi ndiye…"

"Sema, Baba. Watu wanangoja."

Shamte akailazimisha sauti.  "Nimekuwia radhi, mwanangu. Duniani na akhera."

"Ahsante, Baba."

Akaubusu mkono wake, akapanda gari na mtoto, akafunga kioo kwa ajili ya vumbi. Ule msamaha Shamte aliomwomba siku ile penye sinia hakuujibu, na mpaka leo hajaujibu.